Sisimizi Kwenye Nyayo za Mrithi

"Usiniite shangazi!"

"Sasa nikuite nani, shangazi, wakati baba yangu—"

"Baba yako nani? Baba yako simjui!"

"—ni Hujri, kaka yako wa tumbo moja, na kisima hiki—"

"Kiguse! Kiguse uone kama sijakutia humo kichwa chini miguu juu!"

"—ni cha baba, na wewe leo hii hii utafunga virago!"

"Nifunge virago? Mimi? We mtoto umeota meno lini?"

"Meno ninayo yote, shangazi, wewe ndiye—"

"Usiniite shangazi!"

Jahdari alikuwa amekaa ukingoni mwa birika la kunyweshea ngamia, anakula tende, anasubiri mmoja wao avute pumzi ili apate kupenyeza swali. Tende ya saba ikaisha. Hakuna aliyevuta pumzi. Ngamia watatu walioletwa kunywa maji walikuwa wameyasahau hayo maji, wanageuza vichwa huku, wanageuza kule, kama wamelipia kiingilio.

Kazi yake ilikuwa kusoma nyayo. Kwao ni kazi ya ukoo mzima. Waoneshe alama ya mguu mchangani, watakwambia ni wa nani, katoka wapi, na kama baba anayemwita baba ndiye baba yake kweli. Nusu ya hayo ni majigambo, lakini nusu iliyobaki imeshamaliza kesi nyingi kuanzia Yemeni mpaka Sham. Safari hii alikuwa ameitwa na Thaalaba, mkuu wa kijiji cha Sarha, na jua likifika utosini alitakiwa aseme neno moja. Neno la msoma nyayo likishatoka halirudi mdomoni.

Kesi yenyewe haikuwa na mambo mengi. Miaka kumi na minane iliyopita tauni ilishuka na misafara kutoka Sham, ikaingia Sarha, na ilipotoka, visima vilikuwa vingi kuliko watu. Waliosalia wakakubaliana: kisima cha marehemu kishikwe na yeyote wa ukoo wake aliyebaki, mpaka mrithi atokee. Mrithi akitokea, aliyekishika anachukua nguo zake na chungu chake, anaondoka.

Kisima cha Hujri kilishikwa na dada yake, Rukashi, mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mwenye viganja vilivyokomaa kwa kamba na sauti inayoweza kuamsha kijiji cha jirani. Na siku kumi zilizopita alikuwa ameshuka kijana mmoja mrefu kutoka jangwani, akasema yeye ndiye Namiri, mtoto wa Hujri, aliyepelekwa angali mchanga akanyonyeshwe na mama wa hemani, kama watoto wote wa watu wa mitende walivyokuwa wakipelekwa. Tauni ikaja, hakuna aliyekwenda kumchukua. Sasa amejileta mwenyewe.

Kama anasema kweli, Rukashi hana pa kulala. Kama anadanganya, Rukashi anabaki. Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu yote.

Jahdari akatia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi. Ngamia mmoja akakaa chini.

"Basi! Nyie wawili mkipelekwa nyikani, majini watahama. Kijana, nenda kasimame kule kwenye mtende. Mama Rukashi, njoo hapa."

"Naja, lakini akiisogelea kamba yangu—"

"Kamba naikalia mimi." Na kweli akaikalia. "Huyu mtoto wa kaka yako, ulimwona kwa macho yako?"

"Sikumwona. Nilikuwa nimeolewa mbali, siku nne kutoka hapa. Tauni ilipomaliza nyumba yangu, mume na wanangu wawili, nikaja kwa kaka. Nikakuta mlango umezibwa kwa udongo, wote wako ndani. Hakuna aliyeufungua mpaka leo."

"Nani alikwambia mtoto alikuwa wa kiume?"

"Sarha nzima! Kaka alichinja mbuzi wawili, akapita sokoni anapayuka: nimepata Namiri, nimepata chui wangu! Alikuwa ameshazika mabinti watatu kwa homa, mmoja baada ya mwingine. Wewe hapo usingepayuka?"

"Ningepayuka. Nani alimwona huyo chui akiwa uchi?"

Rukashi akamtazama kama ametukanwa. "Swali gani hilo, mzee mzima?"

"La kazi."

"Hata ukiuliza, utamuuliza nani? Waliomshika wako makaburini. Mkunga yuko makaburini. Mbuzi wenyewe waliochinjwa wana afadhali, mifupa yao inaonekana."

Jahdari akacheka, akasimama, akaenda kwenye kiwanja chake.

Kiwanja hicho alikitengeneza jana jioni. Alipepeta mchanga, akausawazisha kwa kuti la mtende, kisha akawaambia Rukashi na kijana watembee juu yake peku, hatua ishirini kila mmoja, mbele ya Thaalaba na watu wake. Watu wa ukoo wa Hujri walikuwa na alama yao: kwenye mguu wa kushoto, kidole cha pili kimepanda juu ya kidole gumba, kimelala hapo kama mtoto mgongoni. Mchangani hakionekani. Unaona gumba, unaona pengo, halafu vidole vitatu vidogo. Rukashi alitembea: gumba, pengo, vitatu. Kijana akatembea: gumba, pengo, vitatu. Thaalaba akapiga makofi, akasema kesi imekwisha, tukale.

Jahdari alikataa. Kwao unyayo husomwa mara mbili, jioni na asubuhi, kwa sababu jua la asubuhi hulala chini na kufukua vitu ambavyo jioni ilivifunika. Wengi wanadhani wasoma nyayo wanafanya hivyo ili wapate chakula cha jioni. Hilo nalo halikuwa uongo mtupu.

Sasa alipiga magoti, shavu karibu liguse mchanga, akaanza na mstari wa Rukashi. Safi. Mwanamke mzito wa kisigino, mkaidi, anatembea kama anagombana na ardhi. Akahamia mstari wa kijana.

Sisimizi.

Hawakuwa wametapakaa ovyo. Katika kila alama ya mguu wa kushoto, mahali pale pale pembeni ya gumba, sisimizi kumi au ishirini walikuwa wamekusanyika wanahangaika, wengine wamebeba chembe za mchanga kama wamebeba mahari. Alama za mguu wa kulia hazikuwa na hata mmoja. Akarudi kwa Rukashi: hata mmoja.

Jahdari alichukua chembe moja akaiweka ulimini. Akafumba macho.

"Tamu," akasema peke yake. Akachukua nyingine. "Tamu, na inanata."

"Mzee, unakula mchanga?" Kijana alikuwa ameshindwa kukaa kwenye mtende.

"Naonja kesi. Hebu niambie, jana kabla ya kutembea ulikula nini?"

"Maziwa na tende."

"Ulikula kwa mdomo?"

"Kwani nyie huku mnakula kwa kitu gani?"

"Nauliza tu. Mama aliyekulea yuko hai?"

"Umu Sakhri? Yuko. Anahamahama na ngamia wake wanne, anawatukana asubuhi na jioni. Ndiye aliyeniambia mimi ni nani."

"Na huyo binti uliyekuja naye?"

Kijana akakuna shingo. "Fukaiha. Mwanawe Umu Sakhri. Tumenyonya ziwa moja, ni dada yangu. Amekuja kuniangalizia ngamia."

"Asubuhi hii uliamka ukaenda wapi?"

"Sikwenda popote. Muulize Thaalaba, nimelala kwenye sebule yake, mbuzi wake mmoja amenilalia mguu mpaka jua limetoka."

"Mguu upi?"

"Wa kulia. Kwa nini?"

"Afadhali," akasema Jahdari. "Wa kushoto angeulamba."

Kijana akautazama mguu wake wa kushoto. Jahdari alishaondoka.

Nyumba ya Hujri ilikuwa nyuma ya kisima, hatua mia moja. Udongo uliozibia mlango ulikuwa umepasuka pasuka lakini mzima. Mtu asingekwenda pale kwa sababu yoyote. Watu wa Thaalaba, ambao zamani walikuwa wachungaji na sasa wanakaa kwenye nyumba za waliokuwa wakiwachungia, walihamia kila nyumba ya Sarha, hata kwenye kituo cha ushuru cha Warumi, lakini nyumba zilizozibwa kwa udongo walizizunguka kwa mbali. Kwa hiyo mchanga wa pale ulitakiwa uwe mtupu, na haukuwa mtupu.

Chini ya kidirisha kimoja palikuwa na nyayo. Za leo, maana umande ulikuwa umekatwa nazo. Peku. Mguu wa kushoto: gumba, pengo, vidole vitatu.

Rukashi alikuwa amemfuata, ameshika mikono kiunoni. "Si nilisema? Kijana anazurura nyumbani kwa kaka anatafuta vitu vya kutuonesha. Mwizi!"

"Huenda. Mama, simama hapo ulipo, usinivurugie."

Akainama. Hakukuwa na sisimizi. Akasubiri kidogo, akamshika sisimizi mmoja aliyekuwa anapita zake, akamweka juu ya alama ile, karibu na gumba. Sisimizi akatazama kulia na kushoto, akaondoka bila hamu.

Jambo la pili: visigino vilikuwa havionekani. Mbele ya mguu pamechimbika, nyuma hakuna kitu. Mtu alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, amenyoosha shingo achungulie ndani. Jahdari akasimama pale pale. Kidirisha kilimfikia kidevuni, na yeye si mrefu.

"Kijana wetu ana urefu gani?" akauliza.

"Si unamwona? Kama nguzo ya hema."

"Nguzo ya hema haihitaji kusimama kwa vidole kuchungulia hapa. Ingehitaji kuinama."

Rukashi akakipima kidirisha kwa macho.

"Halafu hakuingia," Jahdari akaendelea. "Amesimama, ametazama, ameondoka. Na si leo tu. Tazama hii ya jana, upepo umeshaila pembeni. Hii ya juzi. Kila alfajiri mtu anakuja kutazama giza la humo ndani, halafu anarudi zake. Mwizi gani huyo? Mwizi mvivu namna hii sijawahi kumkamata."

"Basi ni jini."

"Jini mwenye kidole cha ukoo wenu?"

"Kwani jini hawezi kuwa na akili?"

Alimwacha anacheka mwenyewe kwa jibu lake, akaenda kwenye kivuli walikofungwa ngamia wa wageni. Fukaiha alikuwa pale, binti mfupi wa miaka kumi na minane hivi, anamkamua ngamia jike kwa mkono mmoja na kumsukuma kwa bega ngamia mwingine aliyekuwa anadoea.

"Asubuhi yako iwe ya neema, binti."

"Na yako, baba. Ukitaka maziwa subiri zamu, huyu mkubwa anadhani ni yake."

"Nitasubiri. Umelalaje?"

"Vizuri. Kuta zinanikaba kidogo, sijazoea. Nyie mnalalaje ndani ya sanduku?"

"Hulala nje?"

"Alfajiri natoka kidogo. Napunga upepo."

"Peku?"

Mkono wa kukamua ukasimama. Kisha ukaendelea. "Nani anapunga upepo na viatu?"

Makubazi yake yalikuwa pembeni, ameyavua asiyachafue kwa maziwa, na miguu imefichwa na gauni refu. Jahdari akayaokota kama mtu anayepisha njia. Makubazi ya kawaida, ngozi ya ngamia, ukanda mmoja wa mbele unaopita katikati ya vidole. Kwenye kubazi la kulia, tundu la ukanda lilikuwa mahali pake, kati ya gumba na kidole cha pili. Kwenye la kushoto tundu lilikuwa limesogezwa. Lilikuwa kati ya cha pili na cha tatu. Aliyeyashona alijua kwamba kati ya gumba na cha pili hapapiti kitu.

"Mafundi wa viatu wa kwenu hodari," akasema.

"Ni mama aliyashona." Alikuwa hamtazami. "Baba, utaniharibia?"

"Nikuharibie nini? Mimi nasubiri maziwa."

Akanywa bakuli zima, akashukuru, akarudi. Njiani alipita sebuleni kwa Thaalaba, ambako makubazi ya kijana yalikuwa mlangoni. Tundu la kushoto lilikuwa kati ya gumba na cha pili, limechakaa kwa miaka, na kingo zake zilikuwa na utando wa kitu cha njano kinachonata. Mbuzi alikuwa anakaribia kwa nia mbaya. Jahdari akamfukuza, kwa sababu ule ulikuwa ushahidi.

Jua lilipofika utosini Sarha nzima ilikuwa kisimani. Thaalaba alikuja na kiti cha Kirumi chenye miguu mitatu, maana mguu wa nne ulishapikiwa maharage. Alikuwa mtu mnene mwenye furaha, baba yake alichunga mbuzi wa watu wa mitende maisha yake yote. Tauni ilipowaondoa mabwana, mbuzi wakabaki na wachungaji wakabaki, na kazi ya kuamua kesi ikabaki bila mtu. Thaalaba aliifanya kama mtu aliyevaa kanzu ya mwenzake: kwa uangalifu, akiogopa isichanike.

"Haya, msoma nyayo. Neno."

"Neno lipo. Lakini kwanza kuna desturi."

"Desturi gani?"

"Ya Sarha. Mrithi kabla ya kukabidhiwa kisima hukanyaga udongo wa birika lake kwa miguu yake mwenyewe, mbele ya watu. Maji mpaka kwenye kifundo."

Hakukuwa na desturi kama hiyo. Jahdari alikuwa ameitunga akinywa maziwa. Lakini wazee waliojua desturi za Sarha walikuwa makaburini wote, na tangu tauni, mwenye kuhitaji desturi alijishonea mwenyewe. Thaalaba alikunja uso kama anakumbuka kitu cha mbali.

"Ah, ndiyo," akasema. "Ya birika. Naijua hiyo."

"Anaijua!" akanong'ona mkewe nyuma. "Juzi alikuwa hajui birika ni nini."

Kijana alirudi hatua moja. "Leo? Mimi... nina mafua."

"Mafua ya miguu?" Rukashi akadakia. "Ingia, mrithi! Si kisima chako? Ingia ukioge!"

"Shangazi, usinisukume."

"Usiniite— ingia!"

Akaingia. Maji yakamfika kwenye kifundo. Akaanza kukanyaga, polepole, uso umemkauka, mguu wa kushoto anauweka chini kama anakanyaga yai. Jahdari alianza kuhesabu kwa sauti. Watu wakahesabu naye, wakapiga makofi, mmoja akaanzisha wimbo wa kunyweshea ngamia. Walipofika hamsini, Jahdari akainua mkono.

"Toka. Panda hapo kwenye jiwe, upande huu. Mguu wa kushoto mbele."

Kijana alipanda. Kidole cha pili, ambacho jana na siku kumi zote kilikuwa kimelala juu ya gumba kama mtoto mgongoni, kilikuwa kimeshuka. Kilikuwa kimesimama mahali pake, kimenyooka, chekundu, kama kilichotoka kifungoni. Kati yake na gumba utepe mrefu wa gundi ulikuwa unadondoka.

Sarha ikaangua kicheko kilichowakimbiza ngamia mpaka kwenye mitende.

"Gundi ya mgunga," akasema Jahdari, "iliyolainishwa kwa asali ya tende ili isipasuke ukitembea. Fundi mzuri. Bila asali nisingekukamata, kijana. Lakini sisimizi wa Sarha wamekupenda sana. Jina lako nani?"

"Murra," akasema kijana, anatazama kidole chake kama kimemsaliti. "Mwana wa Umu Sakhri. Wa kuzaa."

"Mwongo!" Rukashi alikuwa anaruka. "Nilisema! Nilisema nikasema! Thaalaba, si nilisema?"

"Ulisema, mama. Hatukupata nafasi ya kutosikia."

"Kisima changu!"

"Bado," akasema Jahdari.

Neno hilo lilimshusha Rukashi chini. Akageuka.

"Murra ni mwongo, lakini hakutunga kidole. Mtu hatungi kidole ambacho hajawahi kukiona. Alikuwa nacho mbele ya macho yake tangu anatambaa. Fukaiha, binti yangu, vua kubazi la kushoto."

Binti hakutikisika. Murra ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo: "Vua tu. Mimi nimeshachekwa, zamu yako."

Akavua. Akasimama juu ya mchanga, akarudi nyuma hatua moja ili watu waone. Gumba, pengo, vitatu. Rukashi alipiga magoti bila kuambiwa, kichwa chini, kama anatafuta sindano.

"Hujri alizika mabinti watatu," akasema Jahdari. "Wa nne alipozaliwa akaona homa inamjua, inawachagua mabinti zake. Akaidanganya. Akapita sokoni anatangaza mtoto wa kiume, akampa jina la chui, akamwondoa haraka kwenda jangwani kabla homa haijaja kuhakikisha. Aliidanganya homa, na akaidanganya Sarha nzima. Mpango mzuri. Kasoro yake alikufa kabla ya kusema ukweli."

"Ndivyo mlivyoambiwa?" Thaalaba aliwauliza.

"Mama alituambia hivyo," akasema Fukaiha. "Nikasema basi siendi. Nikienda nikisema mimi ni Namiri, watanicheka. Wanasubiri mwanamume."

"Ndiyo nikasema nitakwenda mimi," akasema Murra. "Nikishapewa, nampa. Kidole tulikifanyia mazoezi mwezi mzima."

"Na mimi ulikuwa unaniambia nifunge virago!" Rukashi bado alikuwa magotini.

"Mrithi asiye na jeuri nani atamwamini? Nilikuwa naigiza, shan... mama."

Thaalaba alikuna ndevu. Hapo sasa ndipo alipokuwa anapaogopa. "Haya. Lakini binti. Desturi ya Sarha inasemaje kuhusu binti na kisima?"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyejua. Mzee mmoja akakohoa kama anayetaka kusema, kumbe ni kikohozi tu. Wote wakamgeukia Jahdari, lakini Jahdari alikuwa ameshatunga desturi moja siku hiyo na hakutaka kuzidisha.

Rukashi alisimama, akapangusa magoti.

"Mnatazamana nini? Miaka kumi na minane kisima hiki kimeshikwa na nani? Na mwanamume? Kimekauka? Kimekimbia? Maji yaliwahi kuniuliza wewe ni nani hata ukatuteka? Mguu ni wa kaka yangu. Nimeutazama. Hata ule mkwaruzo wa kisigino ni wa kaka yangu. Kisima ni cha huyu, na anayebisha aje abishane na mimi."

Hakuja mtu.

"Basi neno ni hilo," akasema Thaalaba, kwa furaha ya mtu aliyeondolewa mzigo. "Kisima ni cha binti wa Hujri." Kisha furaha ikampungua, kwa sababu alikuwa na roho nzuri. "Sasa, mama Rukashi. Makubaliano unayajua, ulikuwepo yalipofanywa. Mrithi akitokea, aliyeshika anaondoka. Lakini hapa kila mtu amekunywa maji ya mkono wako. Omba kitu. Chumba, kona, zamu ya maji, chochote. Hakuna atakayekunyima."

"Akae!" Fukaiha akasema. "Mimi sijasema aondoke. Shangazi, kaa."

"Akae!" watu wakaitikia. Mke wa Thaalaba alishaanza kufuta machozi, anasubiri ombi.

Rukashi alikuwa ameikunja kamba ya kisima mkononi, duara juu ya duara. Alimwekea Fukaiha begani, akamsogeza kiwiko akae nayo vizuri. Akajitazama viganja pande zote mbili. Halafu akamgeukia Murra, aliyekuwa bado juu ya jiwe anang'oa gundi.

"We mwongo."

"Naam."

"Mama yako anahamahama mpaka wapi?"

"Kusini, wakati wa mvua. Tunafuata majani. Kila siku chache mahali pengine."

"Hakuna kisima cha kulinda?"

"Hakuna hata mlango."

"Na anapenda kugombana?"

"Umu Sakhri? Anagombana na upepo."

Rukashi akavuta pumzi, ndefu, ya kwanza tangu asubuhi.

"Basi kesho ukiondoka, mwanangu, nipakie na mimi."